Nauli ya Kikundi cha Mbali

Ofisini walimwita Mama Soli, maana haukupita mwezi bila fundi viatu kumpigia soli mpya. Alikuwa afisa mikopo, mwaka wa kumi na tisa huu, na magoti yake yalitaka kustaafu kabla yake.

Wafadhili walipofunga mkoba, shirika likaambiwa lijitegemee. Kikundi cha wakopaji ambacho gharama ya kukitembelea inazidi riba yake, kifutwe. Cha mbali kuliko vyote kilikuwa cha wanawake kumi na mmoja, na mwenyekiti wao alikuwa shangazi yake Mama Soli, aliyemlea. Basi akajifanya mjanja. Kwenye fomu ya gharama, penye nauli, akaandika sifuri, akawa anakwenda kwa miguu. Siku za mvua alipanda basi kwa pesa zake. Miaka sita! Mumewe alisema ameoa mtu anayeilipa kazi badala ya kulipwa.

Jumatatu moja meneja mpya akaibandika fomu ile ukutani.

"Hiki ndicho kikundi cha mfano. Kinafikiwa bila hata senti. Kuanzia mwezi ujao, nauli za maafisa wote zinakoma."

Mwenzake Mama Soli wa meza ya pili, mwenye mimba ya miezi saba, akashika kiuno. "Na mimi nitembee hivi hivi?"

Mama Soli akaona aibu. Akasimama. "Bosi, hiyo sifuri ni miguu yangu."

Nauli za wenzake zikabaki. Kikundi kikafutwa kabla ya saa sita mchana.

Kesho yake akaenda kuwaambia, kwa miguu kama kawaida. Wanawake walimsikiliza hadi mwisho.

"Nauli yenyewe kiasi gani?" shangazi akauliza.

Akaitaja. Shangazi akaigawa kwa vidole, kwa watu kumi na mmoja.

"Bei ya kiberiti kila mmoja. Kiberiti, mwanangu! Mbona hukusema?"

"Niliwahurumia, shangazi."

"Nani alikuomba huruma? Sisi ni wakopaji, tunalipa. Mficha uchi hazai."

 Mama Soli alikuwa amechoka, na uchovu wa miaka sita ukamshukia wote kwa pamoja, akalia mbele yao bila kujificha.

Shangazi akavua kilemba, akakizungusha. Kila mmoja akatia chake.

"Leo unapanda basi," akasema. "Na mwambie bosi wako, nauli ya kikundi hiki tunailipa wenyewe."

Mama Soli akazihesabu pesa zile akiwa kituoni. Zilitosha kwenda na kurudi.