Pamba Kwenye Mdomo wa Spika

Kwa fundi Onodera Mikio, kubishania spika za zamani na za kisasa kulikuwa utovu wa adabu. Mtu akimwambia kwamba spika mpya zinalia vizuri kuliko zile mbili za mkahawa wa Tetsuro, alimtazama kama anayecheka msibani, kisha akarudia kahawa yake.

Alikuwa na miaka sabini na sita. Zaidi ya hamsini kati ya hiyo aliimalizia kwenye karakana nyuma ya stesheni ya mji wa Sakata, Japani, akibandika koni za karatasi zilizochanika na kufufua spika ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Alizikagua kwa ncha za vidole. Aliweka vidole juu ya karatasi, akapitisha sauti nzito kwenye spika, akafumba macho, na kasoro ikajitaja yenyewe. Watu waliviamini vidole vile kuliko mitambo, na ilikuwa heri, maana masikio yake yalishaanza kumwacha na hakuna aliyethubutu kumwambia. Birika lake la filimbi liliungua jikoni mara mbili. Akasema mabirika ya siku hizi hayapigi filimbi. Watangazaji wa redio nao, alisema, wanamumunya maneno. Kila kitu kilikuwa kimeharibika isipokuwa yeye.

Spika za mkahawa ndizo zilizokuwa fahari yake. Zilikuwa ndefu kama makabati ya nguo, zimetolewa kwenye sinema iliyofungwa zamani, kila moja na honi kubwa ya chuma kwa juu, mdomo wazi. Mkahawa wenyewe haukuwa wa maongezi. Unaingia, unaagiza kahawa, unaandika kwenye kikaratasi santuri unayoitaka, unanyamaza. Ukinong'ona unatazamwa. Ukirudia, Tetsuro alikuwa anakufungulia mlango bila hasira, na mvua au theluji ni shauri lako.

Siku moja tu kwa mwaka watu waliruhusiwa kucheka mle ndani. Ilikuwa Jumapili ya Novemba ya kukumbuka siku mkahawa ulipofunguliwa. Tetsuro alikuwa akipiga kanda aliyoirekodi mwenyewe humo humo mwaka 1982, vijana watatu wa mji wakicheza piano, besi na ngoma. Kwenye wimbo wa tatu piano inanyamaza kidogo, na katika kimya kile sauti ya mwanamume inasema, "Baadaye, baadaye." Kila mtu aliijua. Ilikuwa sauti ya Onodera akiwa kijana.

"Fundi, ulikuwa unamwahidi nani?" walimchokoza kila mwaka.

"Mwenye kunidai pesa ya pombe ya sake labda," alijibu, naye akacheka. Kusema kweli, hakukumbuka.

Tetsuro alifariki mwezi wa nne. Mjane wake, Bi Yasue, aliendelea kufungua saa saba mchana kama kawaida, lakini Novemba ilipokaribia mpwa wake Kanae, fundi mitambo wa studio moja ya Sendai, alimletea spika mpya mbili, nyembamba, nyeupe. Wakakubaliana hivi: siku ya kumbukumbu spika zote zitafichwa nyuma ya kitambaa cheusi, zitapigwa kwa zamu, na wateja watachagua kwa masikio tu. Zikishinda mpya, za zamani zitapelekwa makumbusho ya mji mwingine. Onodera alikubali mbele za watu, kisha usiku hakula.

Siku ilipofika alizizunguka zile nyeupe, mikono nyuma.

"Nilidhani umeleta stendi za miavuli," akasema.

"Usizicheke kabla hazijasema, fundi."

"Zitasema nini? Za hospitali hizi. Safi, hazina damu."

"Na zako zina adabu kupita kiasi," Kanae akajibu. "Zinaficha."

"Zinaficha nini, binti?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kusikia."

Walikuwa watu kumi na mmoja. Kila mmoja alipewa punje za kahawa, na vikombe viwili viliwekwa mezani, kimoja cha spika za kwanza, kimoja cha spika za pili. Kanae alikaa kwenye mitambo akibadili waya bila kusema anapiga zipi. Santuri mbili zilipigwa. Punje zilipohesabiwa, za zamani ziliongoza nane kwa tatu. Wote waliozichagua walisema neno moja: joto. Sauti ya zamani ina joto. Onodera aliinamisha kichwa ili watu wasione anavyochekelea.

Kisha ikaja kanda, duru ya mwisho, kitambaa bado kimefunika.

Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Kwenye wa tatu piano ilinyamaza, na mzee Honma, mwenye duka la dawa, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kufungua kinywa mle ndani wakati wa muziki, akasema kwa sauti:

"Nani kaja na mtoto?"

Watu wakageuka, wakatazama chini ya meza. Hapakuwa na mtoto. Kanae akasimamisha kanda, uso umemparama.

"Mmesikia na nyie?"

"Amesema kitu," mwingine akajibu. "Rudisha."

Akairudisha. Piano ikanyamaza. Vichwa kumi vikainuka kwa mpigo mmoja, na Bi Yasue, aliyekuwa amesimama na sinia, akaliweka chini polepole kama limejaa maji ya moto.

"Baba, twende nyumbani," kanda ilisema, kwa sauti ya mtoto wa kike, karibu sana, pembeni ya besi. Halafu ile ya Onodera: "Baadaye, baadaye."

Onodera alisikia piano, kimya, na sauti yake mwenyewe.

"Mtoto gani?" akauliza. "Mnanichezea?"

Kanae alivuta kitambaa. Zilizokuwa zinalia ni zile nyeupe.

"Si nilisema!" Onodera akapandisha sauti. "Zinatunga hizo! Zinatia vitu ambavyo havimo!"

"Hazijatunga kitu, fundi," Bi Yasue akasema. "Ni Chizuru."

Jina hilo halikuwa limetajwa mbele yake kwa miaka arobaini. Chizuru alikuwa binti yake wa pekee. Januari ya 1983, miezi miwili baada ya kanda kurekodiwa, alitumbukia kwenye mfereji uliofunikwa na theluji, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Alikuwa na miaka sita. Mama yake alirudi kwao na hakuja tena. Onodera alirudi kwenye koni zake.

"Siku ile ya kurekodi ulikuja naye," Bi Yasue akaendelea. "Alikaa kwenye benchi lile, miguu haifiki chini, viatu kavivua. Mwaka uliofuata Tetsuro aliisikiliza kanda peke yake kabla ya sherehe, akaniita nisikie. Alilia, mume wangu. Akasema, hii Mikio akiisikia itamuua. Lakini kuitupa alishindwa, maana mtoto yumo. Ndipo akakuita."

Onodera alikumbuka wito wenyewe. Tetsuro alimwambia kwamba honi zinawasha masikio ya wateja, moshi na makelele pamoja haviendi, azipoze kidogo zile sauti nyembamba. Onodera mwenyewe, kwa mikono yake, alishindilia pamba kwenye koo za honi zote mbili. Tangu hapo aliibadilisha mara mbili ilipozeeka, akaikata kwa kipimo kile kile, kwa uangalifu ule ule, hadi akasahau kwamba spika hazikuzaliwa nayo. Joto ambalo watu walilisifu, ambalo yeye alilitetea hadi kukosana na nusu ya mafundi wa mkoa, lilikuwa pamba aliyomzibia nayo mwanawe mdomo.

Alikwenda kwenye honi ya kushoto, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavuta. Pamba ilitoka nyeusi, ndefu, ikinuka lami ya sigara za watu waliokwisha kufa. Akafanya vivyo hivyo kulia.

"Piga kwa hizi," akamwambia Kanae.

Ikapigwa. Spika zile zilitengenezwa kwa ajili ya sinema, ili sauti ya mtu ifike hadi kiti cha mwisho, na koo lilipozibuliwa zilifanya kazi yake. Mtoto hakuwa tena pembeni ya besi. Alikuwa katikati yao. Walimsikia akivuta kamasi kabla ya kusema. Mzee Honma alisogeza kiti nyuma kumpisha, kisha akaona haya. Hata Kanae alitikisa kichwa na kukubali kwamba spika za zamani zimezishinda zake mbali sana, na hakuna aliyekumbuka punje.

Onodera alikuwa amepiga magoti, kichwa kizima ndani ya mdomo wa honi, vidole juu ya koni. Sauti yake mwenyewe ya ujana ilimtekenya vidoleni, nzito, hai. Ya mtoto haikufika vidoleni wala masikioni. Alitoka mle polepole.

"Spika nzima," akasema. "Mbovu ni mimi."

Ilimuuma kuliko msiba wenyewe. Msibani walau hakuwa peke yake. Hapa wageni wote walikuwa wanamsikia binti yake, hata mwenye duka la dawa, na yeye baba mtu amesimama nje ya ukuta.

"Kanae, mara ya mwisho," akaomba. "Na nyie msinifiche nyuso zenu."

Alikaa kwenye kiti akizipa spika mgongo, akiwatazama watu. Wimbo wa tatu ukaanza. Akahesabu mapigo hadi piano iliponyamaza, akawaona wote wakiacha kupumua, macho ya Bi Yasue yakijaa. Akajua hapo ndipo mtoto anaposema. Wala hakungoja ile sauti ya kijana mpumbavu imtangulie.

"Haya, mwanangu," akasema kwa nguvu. "Twende."

Kilichopaswa kufuata kilikuwa kitu pekee ambacho masikio yake yangekisikia: baadaye, baadaye. Alikingoja. Hakikuja. Piano nayo haikurudi. Kanae alitazama mashine. Kanda ilikuwa inazunguka kama kawaida, na mkono wake haukuwa umegusa kitu.

Nyuso za watu zilibadilika. Hazikuwa tena za watu wanaosikiliza spika. Wote walikuwa wameelekeza macho kwenye benchi la ukutani, ambalo halikuwa na mtu.

"Amesema nini?" Onodera akauliza.

Hakuna jicho lililomgeukia.

"Yasue. Amesema nini?"

"Hajasema kitu," Bi Yasue akajibu kwa shida. "Anavaa viatu."

Kisha macho yao yakaanza kusogea, yote kwa pamoja, yakiacha benchi, yakipita sakafuni kati ya meza, taratibu, kwa mwendo wa hatua fupi. Mzee Honma alivuta miguu yake chini ya kiti. Macho yalikuja hadi kwenye kiti cha Onodera, upande wa kushoto, yakasimama kwenye usawa wa bega lake.

Onodera alishusha mkono wa kushoto, akafungua kiganja, akangoja.