Duara la Mutugi

Mume wangu Mutugi alijenga nyumba za msonge pale Kanja tangu sijaolewa. Kwake duara lilikuwa kigingi na kamba: mwenye nyumba hushika kigingi katikati, fundi humzunguka akichora. Mwalimu Mithika alipomweleza kwamba shuleni duara ni mstari ambao kila sehemu yake iko mbali sawasawa na kati, Mutugi alicheka, akasema kamba yake inajua hilo na haikusoma.

Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka Mau Mau, kila mtu alimchungulia mwenzake. Ngari, mkuu wa homugadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali, alimkuta Mutugi na karatasi yenye maduara tisa. Kwenye ramani ya Bwana DO, yule Mzungu mkuu wa tarafa, duara lilikuwa kambi ya wapiganaji wa msituni. Basi Mutugi akafungiwa, angojee lori la kwenda kizuizini Manyani. Mnafiki yule Ngari! Nyumba aliyolala ilijengwa na Mutugi huyohuyo.

Asubuhi nilimpelekea uji, nikamkuta ametolewa uwanjani.

"Hii ni manyumba, bwana," alikuwa akimwambia DO. "Nipe kamba nikuonyeshe. Ngari ashike kigingi, anajua, alishika ya nyumba yake."

Ngari hakusogea. Alisema mguu unamuuma, na jasho lilikuwa likimtoka.

Nikaelewa. Siku tuliyolishwa kiapo cha Mau Mau migombani, tulisimamishwa ndani ya duara la jivu, tukaambiwa atakayesimama tena katika duara mbele ya Mzungu atakufa. Mutugi hakujua kwamba nilikula kiapo. Nami mpaka asubuhi ile sikujua kwamba Ngari naye alikula.

"Wewe, mama," DO akasema. "Shika wewe."

Nilikiogopa kiapo kile kuliko bunduki zote pale. Lakini Manyani nako watu hawakuwa wakirudi haraka. Niliweka uji chini, nikashika kigingi, na Mutugi akanizunguka polepole na kamba yake, akaacha nafasi ya mlango. DO akalinganisha na karatasi: nukta katikati, mlango pembeni, vilevile. Akamwachilia.

Ngari aliitazama miguu yangu mpaka tukatoka.

"Mbona mikono ilikuwa inatetemeka?" Mutugi aliniuliza njiani.

"Ni baridi."

Alilitazama jua, akanitazama mimi, akashika njia. Mwaka uliofuata alitujengea nyumba mpya. Hakuniita nishike kigingi; alikishindilia kwa jiwe, akazunguka peke yake.