Ndizi Aliyoishona Daktari Kahigi

Tarehe 6 Februari 2024, Dk. Aristides Kahigi alimwachia msaidizi wake sindano katikati ya upasuaji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita ya kupasua watu wilayani Muleba. Mgonjwa alipona. Aliyerudi nyumbani Nshamba akiwa hana hali ni daktari.

Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinatetemeka. Alilaumu uchovu, kisha kahawa, akaacha kahawa. Kidole hakikutulia.

Hospitalini kwake, kila daktari wa upasuaji hukaguliwa mara moja kwa mwaka na mwenzake wa hospitali nyingine. Mkaguzi akikataa, kisu kinawekwa chini. Utaratibu huo aliupigania Kahigi mwenyewe. Safari hii mkaguzi alitoka Bukoba: Dk. Adventina, ambaye Kahigi ndiye aliyemfundisha kushona, jikoni kwake, kwa ndizi mbichi. Unachana ganda bila kugusa nyama, unalishona, halafu unamenya. Ukikuta tundu kwenye nyama, umemtoboa mgonjwa.

Alimwita nyumbani Jumamosi. "Kabla hujanitazama nikiwa na mtu mezani," alimwambia akiwa ameshika ndizi mbichi, "nitazame na hii."

Mkewe, Edvina, alikuwa anamenya za mchana. "Adventina, makosa yako tuliyala mwaka mzima. Leo tuone kama mzee naye atatupikia yake."

Wakacheka wote watatu. Kahigi akachana, akashona taratibu. Kwa juu mishono ilinyooka. Akamsogezea mkaguzi.

Adventina akamenya. Nyama ilikuwa na matundu mawili.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kihaya kama alivyozoea, "mwanga wa humu hafifu. Chukua nyingine."

"Mgonjwa ana tumbo jingine?"

Adventina aliinamia lile ganda, akawa analigeuzageuza.

"Hapa nilikukataa mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nilikuonea huruma?"

"Hapana, Tata."

"Basi na wewe usinionee."

Edvina aliitia ile ndizi chunguni pamoja na zingine. Kisha akamshika mumewe mkono, akaanza kumfuta utomvu kwa mafuta ya kula. Kidole kilitetemeka ndani ya kiganja chake. Utomvu ulipokwisha, hakukiachia.

Jumatatu Adventina atawasilisha jibu lake la ukaguzi, na wagonjwa wote waliopangiwa Kahigi watapelekwa Bukoba.