Ubavu wa Shangazi

Nimeishia darasa la saba, lakini kuhusu neno ubavu njooni mnisikilize mimi. Buchani kwangu Mtendeni, ubavu ni upande mzima wa mbuzi ukining'inia kwenye ndoana. Mtaani, asiye na ubavu ni mtu asiyeweza kitu, na mimi ninao: nilianza kwa kutembeza utumbo kwenye beseni, leo nina bucha mbili na nyumba ya bati la rangi kule Cheyo. Mwenye vichekesho anakuvunja mbavu. Na padri alipotufungisha ndoa alisema mke ametoka ubavuni mwangu. Niliinamisha kichwa, maana huyo mke nilikaribia kumkosa kwa sababu ya ubavu.

Kwao ni kijijini, upande wa Igunga. Desturi ya nyumba yao, mposaji anachinja mbuzi mbele ya wakwe, na ubavu wa kulia, mzima bila kukatwa, anapewa shangazi wa binti. Akiupokea, amemwachia binti. Asipoupokea, mposaji anarudi alikotoka. Haya yote mshenga wangu alinieleza njiani, nikamwambia asinifundishe kazi.

Basi nikapewa kisu. Watu wakasogea kutazama, nami nikanogewa, nikajisifu kwa sauti kuwa mimi ni fundi. Nilichuna, nikapasua, na mkono ukaenda wenyewe kama niko dukani: panga, gogo, ta ta ta, mbavu zote zikaachana mojamoja, tayari kwa kuchoma. Zikapelekwa jikoni.

Shangazi akaja na ungo mtupu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Fungu langu liko wapi?"

Mshenga akatazama viatu vyake. Nikasema, "Shangazi, nanunua mbuzi mwingine sasa hivi, mkubwa kuliko huyu."

"Sina njaa ya nyama, baba. Nataka ubavu wa huyu huyu. Si umesema wewe ni fundi? Urudishe."

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Na binti yule nilimpenda hata chakula kilikuwa hakipiti. Nikaomba nyama irudishwe kutoka jikoni, nikapiga magoti pale uani, nikaanza kupanga kwenye ungo. Hapo msomi angekwama. Mimi mfupa nikiushika tu najua ulikaa wapi: wa mbele mfupi na mpana, wa kati mrefu uliopinda, wa nyuma mwembamba. Wa kushoto nikauweka kando. Nilipomaliza, ulikuwa ubavu kabisa, ungedhani haukuguswa.

Shangazi akahesabu kwa kidole. "Kumi na mbili. Mbuzi ana kumi na tatu kila upande."

Nilijua. Nilikuwa naomba Mungu yeye asijue.

Ndipo binti akatoka jikoni, midomo inang'aa mafuta, mfupa mkononi. "Nilikuwa naonja chumvi, shangazi."

Shangazi akaupokea, akaugeuza. Haukuwa na nyama hata ya kubandua kwa ukucha.

"Umekula fungu langu kabla sijakuachia," akasema. "Sasa mimi nimebakiwa na nini cha kukataa?"

Akauweka ule mfupa mkavu mahali pake, akajitwika ungo, akaenda zake huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Binti akaja na birika, akaninawisha damu mikononi, taratibu, kidole kwa kidole, mbele ya watu wote.