Bwana Yangu, Mama Yangu na Bitu bya Bure bya Manika

Kama unataka kujua bitu bya bure mu Kolwezi, zaidi mu Manika, commune yetu, usipoteze wakati kuuliza batu ba bureau. Uliza bwana yangu, Ntambwe. Ao uliza mama yangu. Bo babili balizunguka muji yote bila kutoa hata franc mu mufuko, na mi, mwenye tumbo, nilibakia mu kitanda kuangalia mabati. Leo nacheka. Siku zile sikucheka hata kidogo.

Ntambwe ni mutu wa kawaida tu. Baba yake alitoka Kasai juu ya kazi ya mine, yeye akazaliwa hapa hapa, akasoma hapa, akanikuta hapa. Anafanya kazi ku depot ya pièces ya mashini, upande wa barabara ya Mutoshi: boulon ikiingia anaandika, boulon ikitoka anaandika, mangaribi anarudia na vumbi mu masikio. Hanywi pombe. Anapenda jeu de dames kupita kula. Jina yake mu luga yetu maana yake ni simba, lakini simba gani? Akiona mende mu douche, ananiita mi. Kitu moja tu eko nayo ya kupita kipimo, ni heshima. Na ile heshima ilikuwa karibu kuniua.

Kwetu, batu ba Kasai, mwanaume na mama mukwe yake habaikale mu chumba moja. Habapeane mukono, habaongee, habakule pamoja, mumoja akipita mu njia, mwingine anatoka. Haiko chuki. Ni heshima, inaitwa buko. Batoto ba leo bengi banaacha, banapiga hata picha na mama mukwe, kichwa kwa kichwa. Lakini Ntambwe, aka! Alifundishwa vizuri sana. Na mama yangu, Mama Kanku wa Tenke, ule hata usimuguse na hiyo mambo.

Sasa sikiliza. Mwaka ya nyuma nilipoteza mutoto. Nilikuwa peke yangu mu nyumba, damu ikaanza kutoka, nikaita na nguvu, hakuna mutu alisikia mupaka jirani yetu Valérie alirudia toka soko. Sitaki kusema mingi juu ya ile siku. Kwa hiyo mara hii docteur aliniambia: «Mama Fidélie, lala. Usiinue hata ndoo. Na usibakie peke yako.» Ntambwe akaomba congé yake yote ku kazi, juu ya kuikala na mi. Mama naye akatoka Tenke na mufuko ya bunga na uyoga ya kukausha, juu ya kuikala na mi. Bote babili balianza juma moja. Nilifurahi! Nilisema, Fidélie, sasa uko na batu babili, lala tu.

Nyumba yetu iko na chumba ya kulala na salon, na ka jikoni inje mu lupango, ndani ya uzio. Njo yote. Mama alilala mu salon. Kutoka mu chumba yetu, lazima upite mu salon. Basi asubui ya kwanza nafungua macho, naona bwana yangu, mutu muzima, mwenye kazi na cravate, muguu mumoja inje ya dirisha na mwingine ndani.

«Ntambwe, unafanya nini?»

«Naachia mama nyumba,» akasema pole pole. «Yeye atakuangalia.» Akaruka, akaangukia mu majani ya bilazi, akaenda.

Kidogo tu, mama anasimama ku mulango, alisha kuvaa kikwembe ya kutembea na sac ku mukono.

«Mutoto yangu, bwana yako eko mu congé. Siwezi kufungia mwanaume mulango ya nyumba yake. Naenda kunyoosha miguu. Yeye atakuangalia.»

«Mama, alisha kutoka!»

«Anajificha tu mupaka mi nitoke. Nikitoka atarudia.» Naye akaenda.

Yo! Nikabakia peke yangu. Valérie alikuwa ku soko. Nyumba ilinyamaza kabisa, nikaanza kuogopa, nikaweka mikono yote mbili ku tumbo nikaanza kuongea na mutoto juu nisisikie ile kimya.

Mangaribi, Ntambwe alirudia ku dirisha. Nikamuambia: «Mama hakuikala.» Unafikiri alisema nini? Alisema: «Anatoka juu anafikiri mi niko karibu. Basi kesho niende mbali zaidi.» Nikaita mama, nikamuambia: «Ntambwe hakurudia mupaka mangaribi.» Akasema: «Ule mutu namufukuza. Kesho nitoke mapema zaidi.» Vile nilizidi kueleza, vile bo balizidi kuenda mbali. Nikawaka! Lakini docteur alinikatalia hata kukasirika, basi nikakasirika nikiwa nimelala.

Na balitembea, bakwetu! Kila mangaribi nilipokea habari mbili, moja ku dirisha, ingine ku mulango, juu hakuna alipashwa kuongea na mwenzake. Ntambwe alienda ku tribunal, pale mulango iko wazi kwa kila mutu, akaikala ku banc akasikiliza kesi ya bamama babili banagombania mbuzi moja. Alirudia na maneno ya avocat yote mu kichwa. Alienda kuangalia bachezaji bakijifunza mupira, alicheza dames na bifuniko bya chupa na bazee ba retraite. Alienda ku gare kungojea treni, hapana ya kupanda, ya kuangalia tu. Treni haikukuya. Alisema ilikuwa siku ya muzuri. Kitu alikunywa ni kikombe ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, na hata ile balimupa bure.

Mama, yeye, aliingia mu kila kanisa yenye ilikuwa na répétition. Alienda ku bureau ya commune, pale banafungisha ndoa, akapigia bigelegele batu hajui hata jina, mumoja akamupa bonbon. Aliingia hata mu kilio ya mutu mwenye hajui. «Nililia kidogo,» akaniambia, «bakanipa chai na mukate. Batu bazuri sana, na marehemu naye, banasema, alikuwa muzuri.» Toka aanze kuchunga bajukuu ku Tenke, hakuonaka furaha kama ile. Alinenepa!

Na mi je? Mi nilijua kila kitu ya Kolwezi na sikuona kitu.

Sasa siku moja, ku commune, Ntambwe alipita juu ya kuangalia ndoa. Anasikia bigelegele, anatambua ile sauti. Mama mukwe! Eko pale ku ngazi, anageuka. Ntambwe hakukuwa na pa kukimbilia, akajitupa katikati ya jamaa ya bwana-arusi, na ule wa picha akasema «musitingishike». Mupaka leo, kuko nyumba moja mu Dilala yenye iko na picha ya ndoa ku ukuta, na bwana yangu eko ndani, nyuma ya shangazi, macho inatoka inje. Alinielezea ku dirisha. Nilicheka mupaka tumbo ikauma, kisha nikaogopa juu tumbo iliuma.

Mama naye alikuwa alisha kumuona. Ile mangaribi hakuingia hata mu jikoni. Alisimama ku mulango yangu.

«Fidélie, ile mutu anahangaika mu njia kama mwizi, na haiko mwizi, ni mwenye nyumba. Kosa ni yangu. Siku ya kwanza ya juma narudia Tenke.»

«Mama, usiniache.»

«Nikienda, ataikala na weye. Ni muzuri hivyo.»

«Na akiwa ku kazi? Congé yake inaisha! Mama, mwaka ya nyuma nilikuwa peke yangu!»

Aliangalia chini. Sikukuwa na aibu, nililia kwa nguvu, batu ba ng'ambo ya lupango balisikia. Lakini mama yangu akisha kusema, amesema. Akaanza kukunja bikwembe byake.

Mbele ya ile siku ya kuenda kufika, mutoto mwenyewe aliamua. Ilikuwa saa ya mangaribi, mawingu ilikuwa nyeusi, na kama kawaida nyumba ilikuwa tupu. Nilisikia maji inashuka mu miguu. Nikashika ukuta. Nikakamata telefone, nikaita mama. Ya mama ililia, ililia wapi? Chini ya muto yake, mu salon. Nikaita Ntambwe.

«Kuya mbio,» nikasema. «Mutoto anakuya. Niko peke yangu.»

Sasa yenye ilifuata, wewa njo alinielezea, ule kijana wa moto, pikipiki ya kukodi, mwenye alibabeba, na tangu ile siku anapita kwetu kula; ile ya mu kanisa, Ntambwe mwenyewe.

Ntambwe alikuwa mu kanisa, mu répétition ya chorale, amejificha nyuma ya nguzo. Sababu? Mama alikuwa mu banc ya mbele, anapiga makofi. Ntambwe aliingia bila kujua mama eko pale, na vile mvua ilikaribia, akabakia akijificha, juu mama asigeuke akamuona. Sasa atamuambiaje? Kumugusa bega, hapana. Kumuita, hapana. Akasimama, akaangalia juu ku plafond, akapaza sauti na nguvu yake yote:

«Kama kuko mutu hapa mwenye mutoto yake anaitwa Fidélie, mutoto anazaa sasa!»

Wimbo ikakatika. Tata Kalombo, mwenye kuongoza, akakasirika: «Tata, tuko mu soprano!» Lakini mama alisha kusimama. Hakumuangalia. Aliambia ukuta: «Ule mutu atafute moto.»

Inje, mvua ilianza, bamoto bote balisha kukimbia. Kulibakia wewa mumoja.

«Wewa,» Ntambwe akasema, «ambia mama apande. Mi nitakimbia nyuma.»

«Wewa,» mama akasema, «ambia ule mutu asikuwe mujinga. Bibi yake eko peke yake. Heshima tutafanya kesho. Apande.»

Wewa akaangalia huyu, akaangalia huyu. «Bazazi, munasikilizana muzuri. Mi niambie nani nini?»

Bakapanda. Wewa mbele, Ntambwe nyuma yake, mama nyuma ya Ntambwe, na sac ya mama katikati juu ya kutenganisha. Ile sac ilifanya kazi yake mupaka shimo ya kwanza.

Mi nilikuwa nimejivuta mupaka ku mulango ya lupango, nikaikala chini mu mvua juu sikutaka kufia mu ile nyumba bila mutu. Nikasikia moto. Nikainua kichwa. Mungu yangu! Naona wewa, naona bwana yangu amefunga macho kama mutu wa kusali, na naona mama, Mama Kanku wa Tenke, amekumbatia tumbo ya mukwe yake na mikono yote mbili, foulard imeruka, sac inaning'inia ku kiwiko. Uchungu ilinikamata pale pale, na nilikuwa nacheka. Nililia na nilicheka na nililia. Balikuwa balikuya. Bo babili. Sikukuwa peke yangu tena.

Ntambwe aliniinua yeye mwenyewe, ule mwenye kuogopa mende. Wewa akarudia na taxi, na ku maternité balinipokea bila kungojesha. Mama alishika kichwa yangu mupaka mwisho. Na wakati nilisikia ile sauti, ile kulia ya hasira ya mutoto muzima, aa, siwezi kukuelezea. Kitu yenye ilikuwa imekaa ku kifua yangu mwaka nzima ilitoka. Nilisema «aksanti» kwa kila mutu, hata kwa ule mama wa kupangusa chini.

Musichana. Balimufunga mu kikwembe ya mama.

Kwetu, mwanaume akigusa mama mukwe, lazima alipe kuku. Ntambwe alijua. Alikuwa mu couloir, ku mwisho ya banc, kichwa chini, anangojea hukumu. Mama alitoka na mutoto, akaikala ku mwisho ingine ya ile banc, akamuweka katikati, akaanza kuongea na mutoto, kwa sauti, mulango ikiwa wazi nikisikia yote.

«Mutoto, ambia tata yako kuku namungojea, tena akuwe munene. Ambia tata yako ile kuku itapikwa kwake, na itakuliwa mbele yake akiwa ameikala ku kiti yake. Ambia tata yako, nikisikia tena mutu anatoka ku dirisha, nitaita polisi.»

Ntambwe alilia tu, na kidole yake ilikuwa mu mukono ya mutoto.

Mama hakurudia Tenke ile juma, wala ile yenye ilifuata. Asubui yetu ya kwanza ku nyumba niliamuka nikasikia mabati inalia na jua, na sufuria mu jikoni. Dirisha ilikuwa imefungwa. Kitanda upande ya Ntambwe ilikuwa tupu, nikafikiri: ameenda tena! Kisha nikasikia kiti inalia mu salon. Alikuwa pale, na mutoto mu mikono. Mama alikuwa ku mulango ya jikoni, mugongo umegeuka, vile inapashwa.

«Mutoto,» mama akasema, «uliza tata yako kama atakunywa chai.»

Mutoto alikuwa amelala. Nikangojea.

«Ndiyo, mama,» Ntambwe akasema. «Nitakunywa.»

Nikageukia upande ya ukuta, nikalala.