Kioo Kwenye Ufa

Saiti nzima ilimwita Tumalize, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Mvua ikinyesha, tumalize. Winchi ikigoma, tumalize. Fundi nondo mmoja alipoomba ruhusa akaoe, aliambiwa nenda ndugu yangu, hongera, lakini hii safu tumalize kwanza. Meneja mzima, tumbo mbele, kofia ngumu nyeupe isiyojua vumbi, na maneno mengi kuliko kokoto. Alijisifu kwamba anaweza kupandisha ghorofa mahali ambapo wenzake hawawezi hata kuegesha baiskeli. Na hapo, tuseme kweli, hakudanganya. Katika mji ule majumba yamebanana kama meno. Ukitaka kung'oa moja, la jirani lazima lijisikie.

Sasa alikuwa ameng'oa jumba bovu la zamani na kuchimba shimo la kutisha, la kuja kuegesha magari chini ya ghorofa. Ukingoni mwa shimo, nyuma tu ya mabati ya uzio, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, mshonaji wa sare za shule. Chumba cha mbele kazi, vyumba vya nyuma kulala. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mlio wake unausikia mpaka barabarani, na ukuta wake wa upande wa shimo ulikuwa na ufa uliozeeka pamoja naye.

Kazi hizi zina desturi yake. Kabla hujachimba karibu na nyumba ya mtu, unabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa wake, jasi huku, jasi huku. Kioo hakijui kunyumbulika. Ukuta ukisogea unene wa unywele tu, kinakatika. Na sheria yenyewe haihitaji shule: kioo kikikatika, zima pampu, toa watu shimoni, mwite injinia. Maana pampu ndizo zinazonyonya maji ya shimoni, na pampu haina adabu, haijui mpaka. Inanyonya na maji ya chini ya jirani. Udongo wake unakauka, unakaa chini, na nyumba nayo inaufuata.

Tumalize alikibandika kwa mkono wake. Mama akamuuliza hiki ni cha nini. Hapo ndipo angemweleza yote niliyokueleza wewe, lakini alikuwa na haraka zake, akamwambia ni mlinzi wake, kikiwa kizima asiwe na wasiwasi. Nusu nyingine ya maelezo akaimeza. Mama naye akakipenda kile kioo. Kila asubuhi alikifuta kwa kitambaa laini, kama picha ya marehemu.

Jumatano moja mlinzi wa geti akaja kusema kuna mama anamuita meneja. Tumalize akaenda, bado anatania watu njiani. Alimkuta mama amesimama mbele ya ukuta, kitambaa mkononi, uso umemshuka. Kioo kilikuwa na mstari katikati.

"Mwanangu, nisamehe," mama akasema. "Nadhani nilikibonyeza sana wakati nafuta. Nimekuharibia kazi yako."

Tumalize akatazama kitambaa. Akatazama ufa. Ndani yake kulikuwa kweupe, kama mkate uliomegwa sasa hivi. Kitambaa hakimegi ukuta. Alijua.

Lakini alijua na Jumapili. Katika mji ule malori ya zege huruhusiwa kujipanga barabarani Jumapili tu, na Jumapili ile ndiyo walikuwa wamwage sakafu ya chini. Ikishamwagwa, shimo linatulia na jirani haendi popote. Ukizima pampu leo, shimo linakuwa bwawa, nondo zote zinazama, na Jumapili unaisikia kwa wenzako. Akapiga hesabu kichwani, na kabla hesabu haijaisha, mdomo ukatangulia.

"Usijali, mama. Vioo huvunjika. Nitakuletea kingine, ila hiki usikifute tena."

Mama akashusha pumzi. Akamshukuru. Akamwambia, Mungu akubariki, wengine wangenigombeza. Kumtwika mtu kosa lako ni kubaya. Mtu huyo akikuombea dua kwa kumtwika, hilo halina hata jina.

Akabandika kipya, akarudi kazini, akapiga kelele mara mbili ya kawaida ili asijisikie mwenyewe. Mzee wa pampu, mtu mkavu asiyecheka hata akitekenywa, akamuuliza vioo vya majirani vinasemaje. Akajibu, salama.

"Mbona unaapa na mimi sijakushtaki?" mzee akasema.

"Nimeapa wapi? Nimesema salama."

"Umesema kwa sauti ya mtu anayeapa."

Nyumbani mkewe naye akamshangaa. Mume aliyezoea kujenga ghorofa zima mezani, kwa vijiko na vikombe, leo amekaa kimya kama mgeni. Akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Akasema hapana. Basi unaumwa? Hapana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Tumalize alijipa moyo kwamba kujenga kuta ndiyo kazi yake, hivyo wahenga wamuache. Kisha akalala. Naam, alilala, tena kwa mkoromo.

Ijumaa, akiwa anakagua nondo, akahisi saiti ina upungufu. Winchi ipo, nyundo zipo, pampu zinanguruma. Akasimama, akasikiliza. Cherehani haikulia. Akauliza watu, wakamwambia haijalia tangu jana.

Hakupita getini kwa mwendo wake wa bosi, alikwenda kama mtu aliyeitwa msibani. Mama alikuwa ameketi mlangoni, rundo la sare miguuni, anashona kwa mkono. Vidole viwili amevifunga vitambaa. Cherehani ilisukumwa kona ya mbali, imefunikwa shuka.

"Hiki cha pili sikukigusa hata kwa pumzi," akasema kabla hajaulizwa, akionyesha ukutani. Kioo kilikuwa kimekatika, vipande vimeachana. "Nikakaa nikawaza. Nikaona ni cherehani, inatikisa ukuta. Nikaiacha. Sikutaka kukusumbua tena, mwanangu, una kazi kubwa."

Tumalize alikuwa na maneno ya kila kitu. Alikuwa na maneno ya kuchelewesha injinia, ya kumlainisha tajiri mwenye jengo, ya kumtoa polisi wa barabarani kwenye njia ya lori. Siku hiyo akayaacha yote. Akatoa simu, akampigia mzee wa pampu palepale.

"Zima zote. Toa watu shimoni."

"Na Jumapili?"

"Zima, mzee."

Kisha akachuchumaa mbele ya yule mama, tumbo likimbana, akamwambia. Kwamba si kitambaa. Kwamba si cherehani. Ni shimo lake ndilo linalovuta nyumba, na kioo kiliwekwa ili kiseme hivyo, nacho kilisema.

Mama akachoma sindano kwenye kitambaa ili isipotee.

"Ulijua tangu kile cha kwanza?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikakuomba msamaha."

Mama akainuka, akajikung'uta nyuzi. "Nionyeshe hilo shimo, meneja."

Akamvalisha kofia yake, akamshika mkono, mama akautoa mkono. Wakafika ukingoni. Tangu mabati yale yasimamishwe, mama hakuwahi kuona kilichokuwa nyuma yake. Akaona ukuta wake mwenyewe kwa upande wa nje, na chini ya msingi udongo umeachia, pengo la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Chini kabisa maji yakaanza kupanda taratibu kwenye nondo, na wafanyakazi wakapanda ngazi bila utani.

"Siku hizi zote," mama akauliza, "ulikuwa unalala?"

Jibu zuri lilikuwepo. Angesema hakufumba jicho, na huenda mama angemwonea huruma.

"Nilikuwa nalala, mama. Fofofo."

Mama akavua kofia, akampa mzee wa pampu aliyekuwa amesimama karibu.

"Basi leo hulali," akasema, "mpaka uone mimi nimelala wapi."

Akageuka kwenda kufunga vitu vyake. Tumalize akamfuata nyuma, kichwa wazi, simu ya tajiri ikiita mfukoni.