Maelezo Mengine ya Mzazi

Ujinga wangu niliuandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwenye fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Daktari alikuwa ameshajaza sehemu yake kwamba binti yangu ni mzima. Chini yake kulikuwa na mistari minne mitupu: Maelezo mengine ya mzazi. Mwenye akili angeiacha hivyo hivyo. Mimi, fundi cherehani ambaye safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka kitandani hadi barazani, niliijaza yote minne. Niliandika kwamba mtoto ana kifua, na akikimbia huishiwa pumzi mpaka analala chini.

Hana kifua. Nilitaka aruhusiwe kuoga maji ya moto, basi. Shule ilikuwa nje ya Iringa, na nilisikia maji ya kule asubuhi yanang'ata. Mke wangu alipojua alicheka mpaka akakaa. Akauliza tangu lini mtu wa Mbeya akaogopa baridi ya Iringa.

Maji ya moto mtoto akapata. Ila shule ile ilikuwa na huruma kuliko nilivyokadiria. Wakamsamehe mchakamchaka wa alfajiri, wakamsamehe na vipindi vya michezo, na matroni akawa anamwangalia pumzi kila jioni. Mwalimu wa michezo aliniandikia mara mbili akiomba cheti cha daktari, ili ajue mazoezi yapi yatamfaa mwenye kifua kama hicho. Sikujibu.

Muhula wa pili binti akanipigia kwa simu ya matroni. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani ukimtuma chumvi anakwenda mbio, anarudi mbio, na chumvi nusu imemwagika. Akasema Jumamosi wanachagua timu ya mpira wa pete ya kidato cha kwanza, na jina lake haliandikiki kwa sababu ya fomu.

"Baba, njoo uwaambie wewe. Mimi nikisema, nitakuwa nimekuita mwongo."

Nikajaribu kuyamaliza kwa simu. Nikamwambia mwalimu mtoto amepona. Akanijibu kwa upole kwamba kifua cha namna niliyoandika hakiponi kwa simu. Nije mwenyewe, au nilete cheti. Basi Ijumaa nikafunika cherehani nikaenda Iringa, mimi ambaye hata uzi wa soko la Mwanjelwa, hapo hapo mjini kwetu, huagiza niletewe.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya uwanja, masweta ya wenzake yamerundikwa mapajani. Wenzake wanacheza. Mwalimu, dada mmoja mwembamba mwenye filimbi shingoni, akanionyesha msichana aliyekuwa anafunga magoli. Yule ana pumu ya kweli, akasema. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa mfukoni mwa mwalimu. Kila baada ya muda anaitwa, anapumzika, anarudi uwanjani. Nikatamani lile jiwe nilikalie mimi.

Nilikiri pale pale, nikiangalia viatu vyangu. Mwalimu hakucheka.

"Mzazi," akasema, "mimi huletewa karatasi na wasichana wasiotaka kukimbia. Huyu ndiye wa kwanza kuniomba karatasi ichanwe."

Lakini hakuichana, maana ni mali ya shule. Alinipa nyingine niandike upya, kisha akampeleka binti zahanati asikilizwe kifua kwanza, maana neno langu lilikuwa limeshapungua uzito. Zahanati wakasema ni mzima.

Jumamosi alicheza. Nisiseme uongo wa pili: miezi ya kukaa ilikuwa imemlegeza. Kila mipira mitatu alidaka mmoja, na mara moja alimpasia mtu wa timu nyingine. Mwishoni mwalimu alisoma majina, la kwake likawa la mwisho. Akanijia anatweta, magoti mekundu kwa vumbi.

"Baba, mimi ni wa akiba," akasema, kama mtu aliyetajwa nahodha.

Niliporudi Mbeya, jirani yetu, mama muuza vitambaa, alikuja kuchukua gauni lake. Nikamsimulia yote, nikikazia sana ile baridi na ukatili wa maji ya Iringa, ili nionekane baba mwenye uchungu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakagua pindo. Kisha akalikunja gauni.

"Shemeji, acha hizo. Hukuwa unaogopa maji. Ulitaka mtoto arudishwe nyumbani."